Satelite iliyosimama juu ya Boende

Chukueni karta ya nchi yetu, muweke kidole kwenye mji wa Boende, kule Tshuapa, katikati ya pori, karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Sasa pandeni juu. Juu sana: kilomita 35,786. Pale, karibu utosini mwa Boende, kwenye longitudo ya digrii 21 Mashariki, ndipo iliwekwa satelite iliyotengenezwa kwa kazi moja tu: kumletea msikilizaji redio moja kwa moja mkononi, bila mnara katikati, bila mtu wa hapa chini kushika kifungo njiani. Jina lake AfriStar. Ilirushwa tarehe 28 Oktoba 1998 na roketi ya Ariane kutoka Kourou, Guyana ya Wafaransa.

Wengi wetu tumemaliza masomo bila kusikia jina hilo hata mara moja. Mimi nililikuta kwa fundi wa maredio huku Bukavu, mtaa wa Kadutu. Kwenye rafu yake, katikati ya maposti ya Kichina yaliyopasuka, kulikuwa posti moja nzuri ya Hitachi, iko na kifuniko bapa kama sahani ya mraba. Nikamwuliza ni ya nini. Akanieleza kwamba ilikuwa ya padri mmoja, kwamba kile kifuniko ndicho antene yenyewe, na kwamba haina ubovu wowote. Inawaka vizuri, ila kule juu hakuna tena wa kuisemesha. Yeye alikuwa anangojea siku ya kuchomoa spika yake tu. Maneno hayo yakanikaa kichwani. Posti nzima, haina kosa, na bado ni kimya. Nikaanza kutafuta habari zake.

Tuanze na ule urefu, juu ya nini kilomita 35,786 na si nyingine. Satelite ikiwekwa hapo, juu ya Ikweta, inazunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia yenyewe inajizungusha. Ukiiangalia kutoka chini ni kama imesimama. Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika jambo hilo mwaka 1945 katika gazeti la Wireless World: masatelite matatu tu ya namna hiyo yangetosha kuunganisha karibu dunia nzima. Watu walimwona kama mwandishi wa hadithi (na kweli alikuwa mwandishi wa hadithi). Miaka 20 baadaye, mwaka 1965, Early Bird ikaruka, satelite ya kwanza ya biashara ya kuunganisha Ulaya na Marekani, na uzito wake ulikuwa kilo 39 hivi, sawa na mfuko mdogo wa simenti. Kwetu Kinshasa faida yake ilionekana usiku wa 30 Oktoba 1974, wakati Ali alimwangusha Foreman. Pigano lilianza saa kumi ya alfajiri ili watu wa Amerika walitazame saa zao za jioni. Wazee wetu walikosa usingizi kwa ajili ya satelite, na sidhani kama kuna aliyejuta.

Lakini masatelite ya wakati ule yalihitaji parabole kubwa kuliko nyumba. Ishara inayotoka mbali namna ile inafika imechoka, dhaifu sana. Kuipokea kwenye posti ndogo ya mkononi kulihitaji mambo mawili.

La kwanza ni masafa yanayofaa. Ninyi wote munajua parabole ya televisheni inavyofanya mvua ya Kivu ikianza: picha inakatika vipande vipande, halafu inapotea kabisa. Ni kwa sababu zile parabole zinatumia masafa ya juu, gigaherzi 11 au 12, na matone ya mvua yanakula mawimbi hayo. Mwaka 1992 mataifa yalikutana Torremolinos, Hispania, katika mkutano wa kugawana masafa, wakakubaliana kwamba kipande cha megaherzi 1,452 mpaka 1,492 kitumike kwa redio ya dijitali. Huko chini mvua haisumbui karibu kitu, na antene bapa ya ukubwa wa kiganja inatosha. Wamarekani walikataa kipande hicho kwao, kwa kuwa wanajeshi na mafundi wa ndege zao walikuwa wanakitumia tayari. Wakachukua masafa mengine, kwenye gigaherzi 2.3. Tutawarudia.

La pili ni dijitali. Sauti inageuzwa kuwa namba, halafu namba zinabanwa ili zisile nafasi. WorldSpace, kampuni yenye AfriStar, ilichagua njia ya kubana iliyokuwa bado changa, ile ambayo sisi tulikuja kuijua kwa kupakua miziki: MP3. Kituo cha redio kinapeleka namba zake juu kwa antene yake, satelite inazikusanya pamoja na za vituo vingine, inazipanga mstari mmoja, inazimwaga chini. Na hapa kuna ufundi ambao mimi naupenda zaidi katika habari yote hii. AfriStar haikuwa kioo tu cha kurudisha mwanga. Ilikuwa na uwezo wa kupokea vituo vidogo kutoka nchi mbalimbali, kila kimoja na antene yake, halafu kuvifunga pamoja mule mule ndani yake, angani. Maana yake redio ya Bamako au ya Nairobi haikulazimika kupeleka kwanza kaseti zake Ulaya ili zipandishwe. Ingeweza kupanda yenyewe kutoka nyumbani kwake.

Kule chini satelite ilimulika kwa miale mitatu, na kila mwale ulifunika karibu kilomita za mraba milioni 14. Kongo yetu, pamoja na ukubwa wake wote, ingeingia ndani ya mwale mmoja mara sita hivi. Sauti ilichukua kama robo ya sekunde kupanda na kushuka. Na sisi hapa tulikuwa na bahati ambayo Mzungu hakuwa nayo: kwa kuwa satelite iko karibu juu ya vichwa vyetu, antene haikupaswa kutafuta upenyo kati ya nyumba na vilima. Uliilaza ikaangalia mawingu, kazi imekwisha.

Mwenye wazo alikuwa Mwafrika. Noah Samara alizaliwa Ethiopia, mama Mwethiopia na baba Msudani, akasoma sheria Marekani, akafanya kazi Washington katika mambo ya masatelite. Amesimulia kwamba habari za ukimwi Afrika, katika miaka ya 1980, ndizo zilimsukuma: watu walikuwa wanakufa kwa kukosa kuambiwa tu ugonjwa unaingia kwa njia gani. Mwaka 1990 akaanzisha WorldSpace. Alipata wa kumkopesha na kumwamini zaidi ya dola bilioni moja, na mimi sijui Waafrika wengine wangapi wa wakati ule walioweza kuingia ofisini mwa tajiri wakatoka na makuta kama hayo kwa mradi wa kuanzia Afrika, si wa kumalizikia Afrika. Mafundi wa Ufaransa wakamjengea satelite. Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo wakamtengenezea maposti. Mwishoni mwa 1999 AfriStar ikaanza kusema. Mwaka 2000 ikafuata ndugu yake AsiaStar kwa ajili ya Asia. Ya tatu, ya Amerika ya Kusini, haikuruka kamwe.

Je, msikilizaji alipewa nini? Ili kulielewa, lazima ukumbuke mawimbi mafupi. Aliyekulia Mashariki wakati wa vita anajua: jioni, posti ya pile, wazee wamekaa kimya, na ile sauti ya BBC au RFI inakuja, inaondoka, inarudi na upepo, inamezwa na kituo cha Kichina wakati mtangazaji ndiyo anataja jina la kijiji chenu. Mchana ukitafuta kituo kile kile hakipo. AfriStar ilileta BBC, RFI, na miziki ya kila namna, safi kama kaseti mpya, mchana na usiku, hata katikati ya ziwa, hata kijijini ambako hakuna mnara wa kilomita 200. Na kwenye dirisha la posti jina la kituo liliandikwa. Kwa mtu aliyezoea kuzungusha kifungo gizani, hilo peke yake lilikuwa muujiza.

Kulikuwa na kitu kingine zaidi. Posti hizo ziliweza kupokea si sauti tu, bali mafaili pia. Kampuni ilitenga asilimia 5 ya nafasi yake kwa kazi za faida ya watu, na mradi mmoja, RANET, ukashirikiana na kituo cha hali ya hewa cha ACMAD huko Niamey, Niger, kupeleka utabiri wa mvua mpaka vijijini. Posti iliungwa kwenye kompyuta, karta za mvua zikashuka kutoka angani, na redio ndogo ya kijiji ikawasomea wakulima kwa lugha yao. Hii ilikuwa kabla ya simu zetu za mega. Kenya nayo ilipitisha vipindi vya shule kwenye satelite hiyo.

Sasa, kama mambo yalikuwa mazuri hivi, juu ya nini posti ya padri iko kwa fundi inangojea kuchinjwa?

Wengi watajibu haraka: umaskini. Ndiyo, lakini si yote. Posti za kwanza ziliuzwa zaidi ya dola 200. Mwalimu wa Leta angeweka mshahara wa miezi mingi, bila kula, apate redio. Mwanzoni vituo vingi vilikuwa bure. Baadaye kampuni, kwa njaa ya makuta, ikafunga milango na kudai abonema ya kila mwezi. Namna gani mtu wa Mwenga alipe abonema wakati hakuna benki, na simu ya kutuma pesa haijazaliwa? Samara alikuwa ameota redio ya maskini, akaishia kuuza redio ya padri, ya balozi na ya mtu wa shirika.

Tena satelite inataka kuiona antene yako. Ukuta wa matofali unaikata, bati linaikata, mti mkubwa unaikata. Ndani ya nyumba ulilazimika kuweka antene dirishani au nje, na waya. Ndani ya gari inayotembea mjini, kimya, sauti, kimya. Dawa yake ilijulikana, kujenga minara midogo ya kurudia ishara katika miji, lakini kwa AfriStar haikujengwa.

Na kuna sababu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kubwa. Katika miaka ile ile ya 1990, serikali za Afrika ziliachilia FM. Hapa Bukavu Radio Maendeleo ilianza 1993. Kila mji ukapata redio zake, kwa mtambo mdogo, kwa posti ya dola chache, bure kwa msikilizaji. Na zile redio zilisema mambo ya soko letu, barabara yetu, maiti wetu. Mwale wa kilomita za mraba milioni 14 hauwezi kutangaza kwa Mashi kwamba daraja la Ruzizi limefungwa. Nani angelipia nafasi ya angani kwa emisio ya watu wa bonde moja? Satelite ilikuwa na sauti nzuri kuliko zote, ila ilikuwa sauti ya miji mikubwa ya mbali. Watu wakapima, wakachagua jirani mwenye sauti ya kukwaruza.

Mwangalieni sasa Mmarekani. Kule kampuni mbili, XM na Sirius, zililipa mwaka 1997 zaidi ya dola milioni 80 kila moja kwa leseni tu za masafa. XM ilipanga kuanza 12 Septemba 2001. Munajua kilichotokea siku moja kabla. Ikaanza 25 Septemba, na Sirius ikafuata 2002. Wao hawakumtafuta mtu wa kijijini, walimfuata mtu ndani ya gari lake. Walikubaliana na viwanda vya magari, redio ikawekwa kiwandani, mnunuzi akapata miezi ya bure, halafu kadi yake ya benki ikaanza kukatwa kama dola 10 kwa mwezi. Mijini wakajenga minara ya kurudia. Na kwa madaraja na mahandaki walitumia ujanja mzuri: ishara ile ile ilitumwa mara mbili kwa njia mbili, moja ikiwa nyuma ya nyingine kwa sekunde chache, posti ikaweka akiba. Gari ikipita chini ya daraja, unasikiliza akiba, wala hujui kama anga limefungwa.

Hata hivyo walikaribia kufa. Ziliungana mwaka 2008, na mapema 2009 Sirius XM iliokolewa na mkopo wa Liberty Media wa dola milioni 530. Leo ina wateja zaidi ya milioni 30. WorldSpace, ambayo mwanzoni ilikuwa na hisa ndani ya XM hiyo hiyo na ikaziuza 1999, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Oktoba 2008, na madeni ya zaidi ya dola bilioni 2. Waliokuwa wanalipia kila mwezi walikuwa kama 170,000 tu, wengi wao India, si Afrika. India ilizimwa mwisho wa 2009, na wasikilizaji wa huko walilia kweli kweli, hasa wapenzi wa miziki yao ya zamani.

Hapa ningeweza kufunga, niseme biashara mbaya, basi. Lakini angalieni tarehe.

Mwaka ule ule wa 2009, wakati WorldSpace iko kitandani inakata roho, serikali yetu ilikata RFI kwenye FM. Ilianza na miji ya huku Mashariki, Bunia na Bukavu kati yake, na mwisho wa Julai Kinshasa nayo ikanyamaza. Serikali ililalamikia habari za RFI kuhusu jeshi. Ilirudi Oktoba 2010. Zaidi ya mwaka mmoja. Na RFI ile ya FM, munajua inafikaje Bukavu? Inashuka kutoka satelite mpaka kwenye parabole, inaingia kwenye mtambo, ndipo inatoka kwenye antene ya mji. Anga halikukatwa hata siku moja. Kilichokatwa ni ile hatua ya mwisho, mtambo ulio hapa chini, wenye mlango, wenye kufuli, wenye mtu wa kupigiwa simu. Aliyekuwa na parabole ya televisheni aliendelea kusikiliza, na mwenye mawimbi mafupi pia. Mwenye FM peke yake, yaani karibu kila mtu, alibaki na hewa.

Ndiyo nasema kwamba tulipochagua FM tulichagua vizuri na tulipoteza kitu, yote mawili kwa pamoja. AfriStar ilitoa jambo ambalo redio ya jirani haiwezi kutoa hata ikiwa nzuri namna gani: njia isiyopita mkononi mwa mtu yeyote wa hapa. Ila ilipita mkononi mwa kampuni, na kampuni ikafa.

Mfano ulio bora zaidi kati ya hizo mbili tuliupata wenyewe, na wengi wetu hatuuoni kama mambo ya satelite. Tarehe 25 Februari 2002, siku mazungumzo ya Wakongo yalipofunguliwa Sun City, Radio Okapi ilianza, kazi ya Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle. Nchi ilikuwa imekatwa vipande: Kinshasa na serikali, Goma na RCD, Gbadolite na MLC. Barua haikuvuka. Lori halikuvuka. Habari ya mwandishi wa Goma ilipanda satelite, ikashuka Kinshasa, ikarudi tena juu, ikashuka kwenye mitambo ya FM ya pande zote za vita, kwa Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Msikilizaji wa Kisangani hakuwa na posti maalumu wala abonema. Alikuwa na redio yake ya soko. Satelite ilivuka mstari wa mbele juu ya vichwa vya wapiganaji, na FM ikamaliza safari mpaka jikoni kwa mama. Hata hivyo kifungo kile cha mwisho kilibaki: Desemba 2012 Okapi nayo ilizimwa siku chache mjini Kinshasa.

Vijana mutaniambia: hayo ni ya zamani, leo tuna simu, redio zote za dunia ziko ndani ya mfuko. Kweli. Starlink nayo ilipigwa marufuku kwetu 2024, kisha 2025 ikapewa ruhusa, kwa hiyo anga linarudi tena na parabole ndogo juu ya paa, kwa aliye na dola za kulipa, na kwa muda ambao ruhusa ipo.

Lakini munakumbuka 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi. Intaneti ilikatwa nchi nzima, karibu siku 20. RFI ya FM ikakatwa nayo. Sisi, wenye lisansi na simu za kisasa, tulikaa barazani kwa mjomba, yeye akatoa kabatini posti yake ya pile, akavuta antene yote, akaanza kuzungusha kifungo taratibu. Upepo, Wachina, upepo, mahubiri ya mtu fulani. Halafu sauti ya Kifaransa, mbali sana, inakuja na kuondoka. Mjomba akainua mkono tunyamaze.